Jackton wa Nyumba ya Rading'

Walinzi wenzake Wakenya kule Al-Sulay, kwenye maghala ya kusini-mashariki mwa Riyadh, walimwita Ruoth, yaani mtawala kwa Kijaluo, lugha ya kwao. Walianza kwa mzaha, lakini Jackton hakulipokea jina hilo kama mzaha. Mtu akisema, "Ruoth, zamu yako," aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake ya kazi na kutoka kibandani taratibu kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi.

Alizaliwa Kandira, nchini Kenya, katika nyumba ya matofali yenye veranda pande tatu. Nyumba hiyo ilijengwa enzi za Wazungu na Chifu Rading', babu wa baba yake. Chifu huyo alikuwa na wake wengi, askari wake mwenyewe, jela ndogo nyuma ya nyumba, na ardhi iliyoanzia mtoni ikapanda kilima chote. Jackton anapata akili, uchifu ulikuwa umeshahamia kwa ukoo mwingine zamani, jela imegeuzwa banda la kuku, na veranda ya upande wa magharibi imeanguka. Ila ndani ya nyumba hiyo hakuna aliyekubali kwamba kuna kilichobadilika. Watoto wa Rading' hawakula kwa jirani. Hawakuteka maji. Walikwenda shule wamevaa soksi nyeupe zilizovutwa mpaka magotini, darasa zima likiwa miguu mitupu.

Baba yao, Mzee Hezron, hakuwahi kuajiriwa. Kazi yake ilikuwa kesi. Aliwashtaki binamu zake kwa ajili ya mipaka, akaushtaki ukoo uliochukua uchifu, akishindwa anakata rufaa. Kila kesi ilipodai wakili, kipande kingine cha ardhi kiliuzwa.

Alikuwa na wana watatu. Laban, kifungua mimba, ndiye angerithi nyumba. Fred alipelekwa seminari akatoka padri, kwa sababu Mzee Hezron aliamini nyumba kubwa ni lazima itoe mtu wa altare. Jackton, wa tatu, hakuwa amepangiwa chochote.

"Wewe utajitafutia," baba yake alimwambia siku alipomaliza shule. "Lakini popote utakapokuwa, usisahau wewe ni wa nani."

Akajitafutia Saudia. Kijijini Mzee Hezron alitangaza kwamba mwanawe anasimamia usalama wa bandari ya Jeddah. Kwa kweli Jackton alifungua na kufunga geti la yadi ya makontena karibu na bandari, chumvi ya bahari ikimkauka midomoni, madereva wa malori wakimpigia honi na kumhimiza kwa kelele, "Yalla, yalla!" Mwanzoni ilimuuma. Baadaye alizoea, kwa njia yake. Alijiambia kwamba hayo ni ya mchana tu, kwamba yeye halisi yuko Kandira.

Wakenya wa Jeddah waliokuwa Wakristo walikutana Ijumaa kwenye chumba cha mtu, mapazia yamefungwa, wakiimba kwa sauti za chini. Mgeni akija anasimama, anajitaja jina na kwao. Jackton alisimama akanyoosha shati.

"Mimi ni Jackton, wa nyumba ya Rading', Kandira."

Mwanamke mmoja aliyeketi nyuma karibu na jokofu akacheka. Hakucheka kwa nguvu, ila kila mtu alimsikia. Baada ya maombi, Jackton alimfuata.

"Dada, kuna nililokosea?"

"Hapana," mwanamke alisema. "Nimeshangaa tu. Watu wote wa dunia hii, halafu wewe. Mimi ni Selipher, binti wa Paul Onditi. Sisi tulikuwa jadak wenu."

Jadak ni mtu aliyekaribishwa kukaa na kulima kwenye ardhi isiyo ya ukoo wake. Anaweza kukaa vizazi vitatu, akazika wazazi wake hapo, na bado mwenye ardhi akasema ondoka. Chifu Rading' mwenyewe ndiye aliyemkaribisha babu yake Paul. Mzee Hezron ndiye aliyewaondoa, alipomuuzia mfanyabiashara wa mjini kipande chao ili alipe mawakili.

"Walikuja mvua ikinyesha," Selipher alisema. "Wakang'oa mabati kwanza, ndipo wakatuambia tutoe vyombo."

Jackton alitazama sakafu. "Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nimesimama na baba."

"Najua. Nilikuona. Ulikuwa na soksi."

Angeweza kumchukia, na pengine siku hiyo alimchukia. Lakini Ijumaa iliyofuata Jackton alimtafuta tena, akamwomba msamaha mbele ya watu, amesimama wima, kwa maneno yaliyopangwa kama ya barazani. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba Selipher msamaha kwa jambo lolote. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika ghorofa moja la Jeddah, akimtunza mama mkongwe wa madam wake, na kwa wiki nzima sauti aliyoisikia ikiita jina lake ilikuwa ya kumtuma. Huyu alimwita "binti wa Paul" na kumvutia kiti. Kujivuna kwake kulimchosha, kisha kukaanza kumchekesha, na mwishowe akajikuta akiingoja Ijumaa.

Kampuni ilimhamishia Jackton Riyadh, kwenye maghala ya Al-Sulay. Muda si mrefu yule mama mkongwe akafariki, na madam akamwambia Selipher ajiandae kwenda kufanya kazi kwa binamu yake, mtu ambaye Selipher alishamwona na kumwogopa. Asubuhi moja alitoka na mfuko wa takataka mkononi na hakurudi. Alimfuata Jackton Riyadh bila pasipoti, akiwa na ikama, kibali cha ukaazi, ambayo punde ingeisha muda wake, akapata nafasi Manfuha, kwenye nyumba kuukuu za kusini mwa jiji wanakokaa watu wasio na hati. Alipokelewa chumbani kwa Rispah, Mkenya mtu mzima aliyeishi kwa kuwalea watoto wa wanawake wenzake.

Katika chumba hicho ndimo alimozaliwa mtoto wake na Jackton. Hawakuthubutu kwenda hospitali. Wao hawakuwa na cheti cha ndoa, na mwanamke asiye na mume anayejifungua katika nchi ile hujifungua akiogopa polisi mlangoni. Rispah alimzalisha huku Selipher akiuma taulo ili majirani wasisikie. Mtoto alikuwa wa kiume. Mama yake akamwita Hillary. Baba yake alipofika kutoka kazini akamwinua juu kwa mikono miwili na kusema, "Rading'."

Siku iliyofuata akapiga simu nyumbani.

"Baba, nimepata mtoto. Wa kiume."

"Asante Mungu!" Mzee Hezron alisema, sauti imejaa. "Mama yake ni binti wa nani?"

"Wa Paul Onditi."

"Paul yupi? Yule jadak?"

"Baba, nataka uwatume wazee wakazungumze kwao, tupeleke ng'ombe, mambo yawe sawa. Na mtoto aitwe Rading'."

"Sikiliza, kijana. Laban bado ana nguvu, atazaa mtu wa kuitwa jina hilo. Wewe mlee huyo, mwite unavyotaka. Lakini Rading' hapana. Jina hilo halitoki boma hili likaingia kwa jadak."

Baadaye mama yake alipiga kwa siri kutoka jikoni, akaomba picha. Alipoiona akalia. "Ana masikio ya babu yenu," akanong'ona. "Mwanangu, mvumilie baba yako. Atalainika."

Jackton akaamua kungoja baba yake alainike. Hapo ndipo alipoharibu kila kitu, ingawa wakati huo aliona anatetea haki ya mwanawe.

Mtoto alikuwa na mwaka na kitu Rispah aliposikia kwamba kuna maafisa kutoka nyumbani wanaowapima akina mama wa Kenya na watoto wao waliozaliwa bila hati. Walichukua mate kidogo ya mdomoni, ikithibitika mama ndiye mama, mtoto anapata hati ya kumrudisha nyumbani. Selipher alimweleza Jackton habari hiyo akiwa tayari amevaa abaya yake, vazi jeusi la kutokea nje.

"Kesho Rispah anatupeleka, Baba Hillary."

"Na wataandika jina gani?"

"Langu. Hatuna cheti cha ndoa, wataandika la kwangu."

Jackton akakaa chini. "Mama Rading', wakishaandika hivyo imekwisha. Atakuwa mtoto wa nje maisha yake yote. Baba akiona karatasi isiyo na jina letu, ndiyo atapata sababu ya kumkataa milele."

"Kwani sasa amemkubali?"

"Nipe muda. Nakuomba. Nimeshaongea na Fred, anazungumza na mzee."

Rispah, aliyekuwa akimenya viazi, akatupa kisu kwenye beseni. "Jackton, huyu mtoto hajawahi kuona jua! Tunamfundisha kucheka polepole. Wewe unaongea mambo ya mzee?"

Jackton aliendelea kumtazama Selipher, na Selipher, kwa kuwa alimpenda, akavua abaya akaitundika.

Maafisa wakaondoka. Ilisemekana watarudi, lakini hakuna aliyejua lini. Mtoto akaendelea kukua katika chumba chenye dirisha lililozibwa kwa kadibodi. Misako ya polisi ilipopita Manfuha, Selipher alimfunika mdomo kwa kiganja na kusimama naye nyuma ya mlango. Mtoto alizoea hata akawa anajifunika mwenyewe akisikia viatu kwenye ngazi.

Kisha sikio lake la kushoto likaanza kutoa usaha. Alikesha akilia, naye Jackton akaomba ruhusa kazini akambeba mpaka kliniki moja iliyokuwa karibu. Mtu wa mapokezi aliomba karatasi za mtoto. Jackton akatoa ikama yake mwenyewe.

"Hii yako. Ya mtoto?"

"Mtoto hana. Tafadhali, ni sikio tu."

"Mafi ikama, mafi daktari," yule mtu alisema, yaani hakuna kibali hakuna daktari, akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Jackton alikuwa ameshaanza kujieleza, kwamba huyu mtoto si mtu hivi hivi, kwamba kwao wana nyumba, kwamba babu yake, kisha akasikia anachokisema, na kwamba anakisema kwa lugha ya kwao, akatoka na mtoto. Duka la dawa liliwauzia matone. Usaha ulikauka baada ya wiki kadhaa. Ila kuanzia hapo, ukimwita mtoto kutoka upande wa kushoto, hakugeuka.

Selipher hakumlaumu kwa neno. Aliacha tu kumwita Baba Hillary.

Mwaka uliofuata Laban akafa. Ini lilikuwa limemharibika kwa pombe aliyoinywa kwa siri chumbani, maana mrithi wa Rading' hakuonekana kilabuni. Aliacha mabinti wawili, Mitchelle na Stacy, na mke ambaye Mzee Hezron hakuwahi kumsemesha vizuri kwa kosa la kuzaa wasichana. Fred alikuwa padri, hangeweza kuoa. Siku chache baada ya mazishi, mzee alimpigia Jackton mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Yule mtoto wako yuko mzima?"

"Yuko, Baba."

"Basi mlete. Aitwe Rading'. Nyumba hii haiwezi kufungwa mlango nikiwa hai."

Jackton aliegemea geti la ghala. Lori lilikuwa likirudi nyuma na mtu anapiga kelele, hakusikia. "Asante, Baba. Nitawaleta wote wawili."

"Nimesema mtoto," Hezron akasema. "Mama yake tutamtafutia pa kukaa huko mjini. Mimi siwezi kufa nizikwe huku binti wa Paul ni mke wa nyumba hii."

Ijumaa hiyo Jackton alikwenda Manfuha amenyoa ndevu, amenunua kuku mzima wa kuchoma na mkate bapa. Alimweleza Selipher yote. Alilisema sharti la baba yake haraka haraka, mwishoni, kama jambo dogo litakalorekebishwa njiani. "Mzee ni mzee. Mkishafika, akimwona mtoto, hayo yatapita. Mama Rading', wamekubali! Ana jina!"

Selipher alimpa mtoto kipande cha kuku, akamfuta mikono. "Kwa hiyo nimzae, nimfiche, halafu niwaletee," alisema.

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Kula, kuku anapoa."

Walikula. Jackton aliondoka akiamini mambo yamekwenda vizuri, kwa sababu hakukuwa na ugomvi.

Ijumaa iliyofuata alimkuta Rispah peke yake, na nguo za mtoto hazipo kwenye kamba. "Wamekwenda Jeddah," Rispah alisema bila kumkaribisha. "Maafisa wako huko sasa. Usinitazame hivyo, mimi ndiye niliyemwambia aende."

Ilimchukua muda kupata ruhusa ya safari. Alipanda basi la Jeddah, akapita jangwa mchana kutwa na milima ya Taif, akatafuta mpaka akaonyeshwa jengo moja mitaa ya kusini, karibu na barabara ya malori ya bandarini. Selipher alitoka akasimama naye kwenye ngazi, mlango ameurudishia nyuma yake.

"Tumeshapimwa," alisema. "Majibu yametoka. Hati inakuja."

"Umemwandikisha jina gani?"

"Hillary Paul."

Jackton akashika reli ya ngazi. Alimwambia kwamba angezungumza na baba, kwamba angemlazimisha, kwamba angekwenda yeye mwenyewe na ng'ombe kwa Paul Onditi na kupiga magoti. Selipher alimwacha aseme mpaka akamaliza.

"Kule Manfuha nilivaa abaya," alisema. "Nilisimama pale mlangoni nangoja uniambie twende. Hukusema. Sasa unaongea sana, Jackton."

Mtoto akatokeza kichwa mlangoni, akamwona. "Baba! Umeleta juisi?"

Hakuwa ameleta. Alishuka mbio mpaka duka la chini, akarudi na juisi ya embe, akaketi kwenye ngazi na mtoto akanywa akiwa amemwegemea goti. Jackton alijaribu kukumbuka jambo la kumwambia litakalobaki kichwani mwa mtoto wa umri ule, akakosa. Kisha mwanamke mmoja wa chumba kile akatoka, akasema kwa adabu kwamba mwenye nyumba hataki kuona mwanamume kwenye ngazi, ndugu yetu tusaidie. Halas, basi. Akaamka, akashuka.

Selipher na mtoto walisubiri katika kituo cha wanaorudishwa makwao, ndipo wakapandishwa ndege. Hakurudi upande wa Kandira. Alikwenda Naivasha, kwenye mashamba ya maua, alikokuwa dada yake Valentine. Mzee Hezron akamtuma Padri Fred amfuate huko. Selipher alimpikia chai, akamwonyesha mtoto, akamsindikiza mpaka stendi. Fred aliporudi alimpigia mdogo wake simu.

"Ni mtoto mzuri," alisema. "Ana heshima. Hasikii upande mmoja, ulijua?"

"Nilijua."

"Anasema jina lake vizuri sana. Lote." Padri akashusha sauti. "Sikuweza kumwambia mama yake nililotumwa, Jackton. Nilikunywa chai tu."

Mzee Hezron alifariki kabla mvua hazijaisha. Jackton alimwomba kafili wake, mwajiri aliyemdhamini nchini, likizo ya dharura, akaambiwa hakuna wa kushika zamu yake, labda baada ya Ramadhani. Mazishi aliyaona kwa simu ya mtu aliyekuwa amesimama mbali, picha ikiganda na kurudi. Aliona jeneza likipita chini ya veranda. Alimwona Mitchelle, amekuwa msichana mkubwa, ameshika picha ya babu yake, mpaka mzee mmoja wa ukoo akaja akamwondolea na kumpa binamu wa kiume. Halafu mtandao ukakatika.

Binamu wale wale walioshtakiwa miaka yote waliingia kwenye ardhi iliyobaki kabla kaburi halijakauka. Mke wa Laban alichukua mabinti zake akaenda nao Kisumu. Mama yake Jackton, ambaye hakuwahi kula kwa jirani, sasa anakaa katika chumba cha nyumba ya mapadri, anapofikia Fred. Mabati ya nyumba kubwa yalikwenda moja moja, na hakuna aliyesema ni nani anayeyachukua.

Selipher hakumkatia mtoto mawasiliano na baba yake. Mara moja moja alipiga, akasema, "Zungumza naye," na kumpa Hillary simu. Safari moja Jackton alizungumza kwa muda mrefu kuliko siku zote. Alimwambia mtoto kuhusu Chifu Rading', kuhusu kilima na mto, kisha akaacha hayo akamwambia kwamba anasikitika, kwamba alipaswa kumpeleka kupimwa siku ile ile ya kwanza, kwamba alikuwa mjinga. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine maneno hayo. Alipomaliza akangoja. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya redio na ya mtoto anayehema. Kisha akamsikia Selipher kwa mbali: "Hillary, umeiweka kwenye sikio bovu. Geuza."

"Haloo?" mtoto alisema. "Nani?"

"Ni mimi."

"Eeh. Uko Saudia?"

"Niko."

"Kuna joto?"

"Kuna joto," Jackton alisema, na hakuweza kuyarudia yale mengine.

Mkataba wake ulikwisha mwaka huo. Bosi alimwita ofisini, akamuuliza kama anarudi kwao au anaongeza. Kwa kawaida walinzi huomba siku mbili tatu za kufikiri, wapige simu nyumbani, washauriane. Jackton alisema anaongeza, akatia sahihi akiwa amesimama. Wakampeleka ghala jingine, la matairi, ng'ambo ya barabara, ambako hakukuwa na Mkenya mwingine. Walinzi wa huko ni Wabangladeshi, watu wapole. Walimuuliza jina siku ya kwanza, akawaambia Jackton, na hawakuuliza zaidi.